Kisima Kitamu Nacho Hupimwa

Mji wa Lamu unakunywa mvua iliyonyesha Shela. Kisiwani hakuna mto wala ziwa. Maji yanayotoka kwenye mifereji ya mitaa ya Mkomani na Langoni yanavutwa kutoka visima vilivyo nyuma ya vilima vya mchanga vya Shela, yanasukumwa kwa pampu mpaka kwenye matangi, ndipo yanagawanywa majumbani. Vilima hivyo vinafuata ufuo wa kusini wa kisiwa kwa kilomita 12 hivi, kuelekea kijiji cha Kipungani. Wageni huvipanda jioni kupiga picha, watoto huteleza kutoka juu mpaka chini, na ni wachache wanaokumbuka kwamba wamesimama juu ya maji ya mji mzima.

Kazi yangu ni kupima visima. Siuzi maji, sichimbi, sifungi pampu. Nateremsha tepu, nasoma kina, napima chumvi, naandika daftarini, naenda kisima kinachofuata. Watu huniuliza mara nyingi: kisima kina maji, na maji ni matamu, sasa wapima nini? Jibu lake linamhusu kila anayefungua mfereji Lamu, ndiyo maana nimeona niliandike kwa urefu. Kisima cha pwani hupimwa kingali kitamu. Siku ulimi unapoonja chumvi, kisima kimeshaharibika zamani, na kukirudisha ni kazi ya miaka, pengine kisirudi kabisa.

Nianze na namna maji yenyewe yanavyokaa ardhini.

Mvua inayonyesha juu ya mchanga wa Shela haitiririki. Hata ile kubwa ya mwezi wa tano, ikishakatika huoni dimbwi, mchanga umeinywa yote. Maji yanashuka kati ya chembe za mchanga mpaka yanakuta mchanga mwingine ambao tayari umejaa maji, na hapo yanatulia. Tabaka hilo wataalamu huliita akwifa. Lakini bahari nayo imeingia ndani ya ardhi kutoka kila upande wa kisiwa, na iko chini ya hayo maji ya mvua. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, basi yanaelea juu yake. Lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo 1, lita moja ya maji ya bahari ina kilo 1.025. Tofauti ni gramu 25 tu, na gramu hizo ndizo zinazoinywesha Lamu.

Maji matamu chini ya vilima yamekaa kama jahazi lililosheheni, sehemu iliyo juu ya usawa wa bahari ni ndogo, iliyozama ni kubwa. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyopanda juu ya usawa wa bahari, kuna mita 40 hivi zilizo chini yake. Wengi wakisikia hesabu hiyo hufurahi, wakaona maji ni mengi. Mimi huigeuza. Usawa wa maji ukishuka sentimita 10, chumvi kule chini itapanda mita 4 ikishapata muda wa kutulia. Hakuna mwenye kisima anayetambua sentimita 10. Ndoo yake inajaa vilevile, kamba yake inafika vilevile. Na hapo bado sijasema kwamba kati ya maji matamu na maji ya chumvi hakuna mpaka ulionyooka, kuna ukanda mnene wa maji yaliyochanganyika, na ukanda huo hukifikia kisima kabla ya bahari yenyewe.

Hesabu hiyo iliandikwa na watu wawili, kila mmoja kivyake. Wa kwanza alikuwa Willem Badon Ghijben, mhandisi wa jeshi la Uholanzi, mwishoni mwa karne ya 19. Wa pili alikuwa Mjerumani Alexander Herzberg, mwaka 1901, aliyekuwa akishughulikia maji ya visiwa vya mchanga vya Bahari ya Kaskazini kama Norderney. Nawataja kwa sababu watu wa kwao walikuwa na shida hii hii yetu, na mji mmoja wa huko unatufundisha mengi. Amsterdam ilianza kunywa maji ya vilima vya mchanga vya pwani mwaka 1853. Mji ulikua, maji yakavutwa zaidi kuliko mvua iliyoyarudisha, na chumvi ikaanza kupanda chini ya visima. Mwaka 1957 wakaanza kuleta maji ya mto Rhine kwa mabomba na kuyamwaga kwenye vilima ili mchanga uyanywe upya. Mpaka leo vilima vile hulishwa maji ya mto. Wao walikuwa na Rhine. Sisi mto wetu wa karibu ni Tana, unaoingia baharini huko bara upande wa Kipini, na kuufikisha kisiwani ni mradi wa fedha nyingi ambazo sijaziona. Tukiyamaliza maji yaliyo chini ya Shela, hatuna pa kuazima.

Sasa upimaji wenyewe.

Kila kisima ninachokipima kina alama ya rangi kwenye mdomo wake. Kina cha maji husomwa kutoka alama hiyo, wala si kutoka ardhini, kwa sababu mchanga wa Shela huhama. Upepo wa kusi ukivuma miezi miwili, ardhi iliyokuwa inafika magotini kwenye ukuta wa kisima inaweza kufika kiunoni. Mpima ardhi hupita mara moja na chombo chake, akapata kimo cha alama ile juu ya usawa wa wastani wa bahari, na tangu siku hiyo kila nambari ya kina inageuka kuwa nambari ya usawa wa maji. Bila kimo hicho, visima viwili haviwezi kulinganishwa. Kimoja kina kina cha mita 4, kingine mita 9, na kumbe usawa wa maji ni mmoja.

Tepu ya siku hizi ina kichwa cha chuma mwishoni, kikigusa maji inalia na taa inawaka. Zamani ilikuwa tepu ya chuma na chaki. Unaipaka chaki sehemu ya chini, unaiteremsha mpaka uhakikishe imezama kidogo, unasoma urefu ulio kwenye alama, unaivuta, unatazama chaki imeloa mpaka wapi, unatoa. Bado naibeba ile ya chaki mkobani. Betri ikifa katikati ya vilima, chaki haifi. Kuna pia kifaa kidogo cha kuning'inizwa kisimani chenye kumbukumbu yake, kinachojisomea kila dakika 15 usiku na mchana. Ni kizuri sana, ila nacho lazima kihakikiwe kwa tepu ya mkono, maana kamba yake ikilegea kitaandika uongo kwa miezi mitatu mfululizo bila kuchoka.

Na ukiandika kina bila kuandika hali ya bahari, umeandika nusu. Visima vya karibu na ufuo hupumua na bahari. Maji yakijaa, kisima nacho hupanda, kwa kuchelewa, na yakipwa kinashuka. Kadiri unavyokwenda ndani ya kisiwa ndivyo mtikisiko unavyopungua na kuchelewa zaidi. Huku kwetu wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, wakati wa maji mafu, siku za mwezi nusu, mtikisiko ni mdogo zaidi. Mtu akipima mwezi huu bamvua maji yamejaa, na mwezi ujao maji mafu yamepwa, ataona kisima kimeshuka na ataandika ripoti ya kutisha. Akipima kinyume chake ataona kimepanda, na hiyo ndiyo hatari zaidi, kwa sababu ripoti ya furaha haihojiwi na mtu.

Kuna mzee wa Shela, mvuvi aliyestaafu, ambaye njia yangu hupita karibu na boma lake. Siku moja alinikuta nimeinamia kisima.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Wapima mai yamejaa au yamepwa?"

"Yamejaa, ami. Ni bamvua."

"Na mwezi uliopita?"

"Yalikuwa yamejaa pia, na bamvua pia."

"Haya, hapo twaweza kuzungumza."

Akaketi juu ya ukingo akataka kuona daftari. Hakuwa amesomea elimu ya maji, ila aliuliza lile ambalo mkaguzi makini angeuliza kwanza. Baada ya hapo alinisimulia ni visima gani vya Shela vilivyokuwa vikinywewa enzi za utoto wake na sasa hufulia nguo tu. Nikaviandika vyote kwenye ukurasa wa nyuma. Kumbukumbu ya mzee haina sentimita, lakini ina miaka sitini, na daftari langu halina hiyo.

Chumvi hupimwa kwa mita ndogo inayopitisha umeme majini. Maji yenye chumvi nyingi hupitisha umeme zaidi, na kipimo chake ni mikrosimensi kwa sentimita. Kila asubuhi kabla ya kutoka naitumbukiza mita kwenye dawa maalumu ambayo nambari yake inajulikana, 1,413, nikiona inasoma vingine naisawazisha. Kisima kizuri cha mchangani kinaweza kusoma chini ya 1,000. Bahari inasoma kama 50,000. Shirika la Afya Duniani linasema mtu huanza kuonja kloridi, sehemu kubwa ya chumvi ya bahari, inapozidi miligramu 250 kwa lita, na maji ya bahari yana 19,000 hivi. Kwa hesabu hiyo kikombe kimoja cha bahari kinatosha kufikisha vikombe 75 vya maji matamu kwenye mpaka wa ulimi. Ila ulimi wa mtu aliyezaliwa na kisima chake huizoea chumvi polepole. Nimekunywa chai kwenye nyumba ambayo wenyewe waliniapia maji yao ni matamu kabisa, na mita ilikuwa imeshasema neno lingine.

Ndiyo maana sipimi juu peke yake. Chumvi huanza chini. Nateremsha chupa yenye kizibo mpaka karibu na sakafu ya kisima, nakivuta kizibo kikiwa kule kule, nalinganisha na maji ya juu. Kisima ambacho juu kinasoma sawasawa na mwaka uliopita, na chini kimeanza kutofautiana, ndicho kisima cha kuzungumziwa kikaoni wiki hiyo hiyo. Pampu yake ipunguzwe, au inyanyuliwe, au ipumzishwe, na mzigo ugawiwe visima vingine. Mwezi mmoja wa kupumzika wakati huo unaweza kutosha. Ukingoja mpaka wateja walalamike, hautatosha.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulichanganya na upimaji huu wa kila mwezi, nalo ni jaribio la pampu. Kisima kipya kinapochimbwa, sheria inataka kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ripoti ya mtaalamu, kisha jaribio. Pampu inawashwa na kuachwa ikivuta kwa kiwango kimoja bila kuzimwa, kwa kawaida saa 24, huku kina kikipimwa. Halafu inazimwa, na maji yanafuatiliwa yakirudi. Elimu ya jambo hili ina historia yake. Mfaransa Henry Darcy alipitisha maji kwenye mapipa ya mchanga na mwaka 1856 akachapisha kanuni ya jinsi maji yanavyopita mchangani. Mmarekani Charles Theis mwaka 1935 akaonyesha jinsi ya kusoma akwifa kwa kufuata namna maji yanavyoshuka kadiri muda unavyopita. Mwaka 1946 Cooper na Jacob wakairahisisha hesabu hiyo ikawa mstari ulionyooka kwenye karatasi ya grafu, na mpaka leo fundi akiwa na penseli na rula anaweza kuifanya palepale mchangani.

Mimi napenda usiku wa jaribio kuliko kazi nyingine zote. Pampu ikiwashwa, dakika za kwanza ni mbio, kwa sababu maji yanashuka haraka na kila nusu dakika ina thamani. Mmoja anashika tepu na kuita, mwingine anashika saa na kuandika. Baadaye ni kila dakika 5, kisha kila nusu saa, na watu wanapokezana kulala kwenye mkeka pembeni ya jenereta. Kila baada ya muda tunapima pampu inatoa kiasi gani kwa pipa la lita 200. Pipa likijaa kwa dakika 4, ni lita 50 kwa dakika, yaani mita za ujazo 3 kwa saa. Mpira wa kutolea maji lazima upelekwe mbali sana, hata ikibidi kukodi mipira mingine. Maji yakimwagwa karibu, mchanga utayanywa na kuyarudisha kisimani, na kisima kitaonekana kina nguvu ambayo hakina. Kisha kuna visima vya jirani. Navyo vinapimwa usiku huo huo bila kuguswa pampu, kwani kinachotafutwa ni jinsi mshuko wa kisima kimoja unavyosafiri ardhini na kufika kwa mwenzake.

Lakini kisiwani jaribio la aina hii halijibu swali kubwa. Kwenye mchanga kama wa Shela, maji yakishuka yanarudi upesi, pampu ikizimwa unaweza kuona kina kimerudi karibu pale pale hata kabla ya chakula cha mchana. Mtu asiyejua atasema kisima kina nguvu sana. Chumvi haina mwendo huo. Pampu inapovuta, maji ya chumvi yaliyo chini yake huinuka kuelekea kwenye kisima, yakichongoka juu, na pampu ikizimwa yanashuka taratibu mno. Usawa wa maji umesahau jana, chumvi bado iko njiani. Kwa hiyo kwenye jaribio la pwani safu ya chumvi katika karatasi ndiyo ya kutazamwa kwanza. Ikianza na 800 na kabla ya alfajiri imefika 1,100, sijali tena kisima kimetoa mita ngapi za ujazo. Pampu hiyo ni kubwa mno kwa kisima hicho. Dawa ya maeneo kama haya inajulikana, nayo ni visima vingi vifupi vilivyotawanyika, kila kimoja kikivutwa kidogo kidogo kutoka juu. Kisima kimoja kirefu chenye pampu ya nguvu ni njia ya mkato ya kuinywesha Lamu bahari.

Hapa nina kinyongo nacho nitakisema. Niliwahi kuitwa na mwenye nyumba ya wageni ambaye kisima chake kilikuwa kimegeuka. Sabuni ilikataa kutoa povu, na wageni walilalamikia chai. Akaniletea ripoti ya jaribio aliyolipia kwa pesa nzuri, imefungwa vizuri na ina grafu za rangi. Nikaisoma kwa saa nzima. Jaribio lilifanywa katikati ya mwezi wa tano, masika imekolea, mchanga umeshiba. Pampu iliendeshwa kwa saa chache. Kisima cha jirani hakikupimwa. Chumvi ilipimwa mara moja tu, mwanzoni. Na mwishoni mwa ripoti kulikuwa na kiwango cha kuvuta maji kwa siku, mwaka mzima, kilichopigiwa mstari. Yule bwana alikifuata kiwango hicho kwa uaminifu. Aliharibikiwa yeye, na jirani yake ambaye hakuwa na pampu wala ripoti, aliyekuwa na ndoo na kamba tu, naye akaharibikiwa. Mtaalamu aliyeandika karatasi zile alishakwenda zake. Ninachokiona ni dhuluma, na nimeshaona karatasi nyingine za namna hiyo.

Ukitaka kujua kisima cha Shela kinaweza nini, kijaribu mwezi wa tatu. Wakati huo kaskazi imekausha kila kitu, mvua za vuli zimeshasahaulika, na msimu wa wageni wa Desemba na Januari umeshavuta sehemu yake. Hilo ni jambo gumu la kisiwa chetu, kwamba miezi tunayovuta maji kwa wingi inaangukia kwenye miezi isiyo na mvua. Kiwango kinachovumilika mwezi wa tatu ndicho kiwango cha kuandikwa kwenye kibali.

Tuchukue hesabu nyingine. Lamu hupata mvua ya milimita 900 hivi kwa mwaka. Kwenye hekta moja hiyo ni mita za ujazo 9,000. Nyingine huvukizwa na jua, nyingine hunywewa na mimea, tuseme theluthi yake inafika chini. Ni mita za ujazo 3,000 kwa mwaka, sawa na lita 8,200 hivi kwa siku. Kila mtu akitumia lita 50 kwa siku, hekta moja ya mchanga uliowazi inawanywesha watu 160 hivi, na hapo hujaacha tone la kuizuia bahari. Kwa hiyo anapoomba mtu kiwanja juu ya vilima na kusema ni mchanga mtupu, haulimwi wala haukaliwi, mimi nahesabu watu. Ukiezeka na kumwaga zege, mvua ya hapo inakwenda pengine. Ukisomba mchanga kwa ujenzi, umepunguza unene wa chujio na umeyasogeza maji karibu na uso wa ardhi. Ugomvi wa viwanja vya vilima vya Shela ni wa muda mrefu na umefika mbali, sitaki kuurudia wote hapa. Nasema tu kwamba ramani ya visima iwekwe mezani kabla ya ramani ya viwanja.

Na kila nyumba ina choo. Mchanga unachuja vijidudu vizuri kama maji yanapita ndani yake kwa muda wa kutosha, na Ujerumani huwa wanataka maji yasafiri ardhini siku 50 kabla ya kufika kisimani. Naitreti, kemikali inayotokana na uchafu wa vyoo, haichujiki hivyo. Inayeyuka na kwenda na maji, na ikizidi miligramu 50 kwa lita ni hatari kwa watoto wachanga wanaonyonya chupa. Visima vya mji wa kale wa Lamu vilishaingiliwa na mashimo ya vyoo kitambo, ndio maana mji unategemea Shela. Tukijenga mashimo yale yale juu ya Shela, tutategemea wapi?

Mara nyingine watu wa Malindi huniambia sisi tunatia chumvi kwenye mambo, mbona wao wanakunywa visima na hawana hofu hii. Ni kweli wanakunywa visima. Maji yao mengi hutoka Baricho, kwenye visima vilivyo kando ya mto Sabaki, ambavyo hupeleka maji Malindi, Kilifi mpaka Mombasa. Ila kule mchanga unajazwa na mto unaotoka mbali, bara. Wao hofu yao ni mafuriko, matope na umeme wa pampu. Akwifa yao ni nyingine na upimaji wake ni mwingine. Haifai kuchukua kipimo cha Baricho ukakivisha Shela.

Wazee wetu hawakuwa na mita, lakini walikuwa na heshima kwa maji ambayo naiona kwenye nyumba zenyewe. Kwenye nyumba za mawe za Lamu kuna birika la kuhifadhia maji, na ndani yake waliweka visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika wakajenga bakuli la kauri ili maji yakipungua samaki wasife. Mtu anayefikiria samaki wake atabaki na maji kiasi gani siku birika likikauka amefikiria sana. Ndau na Kiwayu walijenga majabia, yaani matangi ya kukinga mvua, kwa sababu visima vyao havikuwatosha. Kukinga mvua kwa paa hata hapa mjini kungelipunguzia Shela mzigo mkubwa, na sioni kwa nini jengo jipya lolote lipewe ruhusa bila tangi la mvua.

Sheria ya Maji ya Kenya ya mwaka 2016 inasema rasilimali za maji zimeshikwa na serikali ya taifa kwa amana ya wananchi. Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, katika kifungu cha 43, na inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, katika kifungu cha 35. Ukiviweka pamoja, nambari za visima vya Shela ni mali yetu. Nataka zibandikwe kila mwezi mahali watu wanapopita: gatini, sokoni mbele ya ngome, kwenye mbao za matangazo za misikiti. Usawa wa maji, chumvi ya juu, chumvi ya chini, na nambari za mwezi kama huo mwaka uliopita. Watu wa Lamu wanajua kusoma bamvua na maji mafu tangu utotoni, hawatashindwa kusoma safu nne.

Wakati tunalisubiri hilo, wenye visima vya nyumbani Shela na Lamu tuanze wenyewe. Tia alama ya rangi kwenye mdomo wa kisima na usiibadilishe. Pima mara moja kwa mwezi, siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa, kabla hujachota wala kuwasha pampu asubuhi. Kamba yenye jiwe na tepu ya fundi cherehani zinatosha kwa kuanzia. Andika tarehe, saa, hali ya bahari, kina, na kama mvua ilinyesha wiki hiyo. Kama huna mita ya chumvi, jaza chupa mbili za nusu lita mpaka juu kabisa, moja ya maji ya juu na moja ya maji ya chini, uzifunge vizuri na uziandike. Nipitishie, nitazipima bila malipo na nambari zako utarudishiwa siku hiyo hiyo.